Ushuhuda wangu alikuwa nao fundi

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua siku hizi barua nyingi ni za siasa na mpira lakini hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, nisipolisema nitalala nalo tena.

Mimi ni Mkristo na sio wa jana. Nimezaliwa kwenye dini, kwaya nimeimba, uzee wa kanisa nimepewa, na ikifika saa ya shuhuda nikisimama watu wanaitikia mpaka mwenyewe najisikia. Sasa Jumapili moja nikasimama kama kawaida yangu nikaeleza Bwana alivyonitendea mwaka huu, nyumba imeisha, tumehamia, amenifungulia milango ambayo sikutegemea, watu amina, makofi, mama mmoja na vigelegele. Nakaa chini, nageuka hivi, benchi la mwisho karibu na pa kutokea namwona fundi aliyenitengenezea hiyo milango. Nasema milango ya mbao kabisa, ile ya nyumbani kwangu. Hela yake ya kumalizia nilikuwa sijampa, mwezi wa nne unaenda, na simu zake mbili za mwisho nilikaa nikiziangalia zinaita mpaka zikakata zenyewe. Yeye sio msali wa pale, alikuja kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Hakusema kitu wala hakununa. Aliniangalia tu mara moja halafu akainama kumfunga mtoto kamba za viatu.

Halafu sadaka ikapita na mimi nikatoa, tena sio kidogo.

Ndugu zangu wasomaji, kuna lile neno la Mathayo 5 mstari wa 23 na 24, la mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kuna jambo kati yake na ndugu yake, aiache pale pale aende akapatane kwanza. Nimelisikia likihubiriwa tangu utoto na kila mara naambiwa maana yake usiende kutoa ukiwa na kinyongo, msamehe aliyekukosea. Nimerudi kulisoma pole pole nikiwa na yule fundi kichwani nikakuta halisemi hivyo kabisa. Linasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, yaani mwenye kinyongo ni yeye na mdaiwa ni wewe, moyo wako wewe unaweza kuwa mweupe kabisa, unaimba, unalia machozi ya furaha, na bado kuna mtu huko nje analala na jambo lako. Na angalia walioambiwa hayo walikuwa Galilaya, madhabahu yenyewe iko Yerusalemu, ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, sasa piga picha mtu kamvuta mnyama wake njia yote hiyo, kafika mbele ya kuhani, anaambiwa mwache hapo hapo, rudi kwenu kamalizane na jirani, ndipo uje tena. Yesu hakuona hiyo ni shida. Sisi wa kupiga simu tu tunaona shida.

Ninachotaka kusema ni hiki, tumezoea kutoa shuhuda zetu wenyewe wakati wenye nazo ni watu wengine. Paulo anamwandikia Timotheo sifa za askofu, 1 Timotheo 3:7, anasema lazima ashuhudiwe mema na watu walio nje. Walio nje! Sio kamati, sio wanakwaya wenzake. Hebu fikiria tukichagua wazee wa kanisa kwa kwenda kuwauliza mafundi wao, wapangaji wao, dada anayewafanyia kazi nyumbani, yule mlinzi wa getini wanayempita asubuhi bila salamu kwa sababu wako bize na simu wanatuma neno la siku. Sijui kama mimi ningepita, nadhani nisingepita.

Na hilo la dada wa kazi niseme kidogo hapo hapo maana ndio watu wanaoijua imani yetu kuliko mchungaji. Anatuona tukitoka kwenye ibada ya familia tukamfokea kwa sababu ya kikombe. Mshahara ukichelewa tunamwambia Mungu atakulipa dada yangu, yaani tunamkopa mtu halafu deni tunamwandikia Mungu! Wakati Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hata usiku mmoja, na Yakobo 5 anasema mshahara uliozuiwa kwa hila unapiga kelele na vilio vya wavunaji vimeshafika masikioni mwa Bwana.

Najua kuna atakayejibu barua hii kwamba tunaokolewa kwa neema sio kwa matendo, na atanitajia Waefeso 2:8 na 9. Sawa kabisa, ila asome na wa 10, kila siku tunaishia njiani.

Mtu aliyenifundisha kutoa ushuhuda ni Zakayo, yule mtoza ushuru. Kwenye Luka 19 anasimama mbele za watu lakini hasemi nilivyobarikiwa, anataja hesabu, nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Torati kwa mtu anayeungama mwenyewe ilitaka arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake, iko Hesabu 5:7, mara nne ilikuwa ya aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza, Kutoka 22. Yeye kajipangia ile ya mwizi, hakusubiri kudaiwa wala hakusema tutaongea.

Na Wakristo wa zamani ndivyo walivyojulikana. Kaizari Juliano wa Roma, aliyetawala 361 mpaka 363, aliuacha Ukristo akataka kurudisha ibada za miungu, aliwachukia hasa, lakini kwenye barua kwa kuhani wake mmoja analalamika kwamba hao Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Hiyo ni lawama ya adui. Mimi jirani yangu ambaye sio adui akiulizwa habari zangu sijui ataanzia wapi, labda kwenye spika za mkesha.

Basi Jumanne nikaenda kwenye karakana ya yule fundi. Njiani nilipanga maneno mengi, majukumu, ada za watoto, kufika pale yote yakapotea nikasema tu nimekuja na deni lako na nimekukosea, nikampa pamoja na ile sehemu ya tano. Akafuta vumbi la mbao mikononi, akahesabu mara mbili taratibu bila kuficha, na mimi nimesimama naangalia randa ukutani. Akaweka mfukoni. Halafu akasema, mzee, ule mlango wa nyuma nadhani unakwaruza chini, niliona siku ile ya mwisho ila hukupokea simu, nitakuja Alhamisi.

Alikuja kweli, akaurekebisha.

Kanisani hii sehemu ya pili bado sijasimama kuieleza, kila Jumapili nasema wiki ijayo. Kwa hiyo mhariri ukiitoa barua hii jina langu naomba usiliweke kwanza.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.