Fulana hazirudishi mega

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Habari yenu juu ya sherehe ya kuwatunuku wahamasishaji wa programu huria, yaani programu za kompyuta zinazoruhusiwa kutumiwa na kugawanywa bure, hapa Lubumbashi, ile yenye picha ya vijana walioshika vyeti, ilisema kujitolea sasa kunalipa. Kunamlipa nani? Katika picha ile sikumwona hata mmoja wa wale ninaopishana nao katika komuni za Katuba, Kenya na Ruashi wamebeba kompyuta kwapani. Nimewaona wale wanaojua kupiga picha.

Kompyuta za shule zetu ni mitumba. Zinafika zimechoka, Windows ya wizi ndani, virusi tele. Mwaka jana katibu wa shule moja ya Katuba alipoteza buleteni, yaani ripoti za alama, za darasa zima, siku mbili kabla ya wazazi kuitwa. Alinifuata nyumbani jioni, kompyuta ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Nilimwekea Ubuntu, mfumo huria unaoendesha kompyuta badala ya Windows, na LibreOffice, programu huria ya kuandikia. Faili la Ubuntu 24.04 peke yake linakaribia gigabaiti 6. Nilikuwa nimelishusha usiku tatu mfululizo, kwa mega, yaani data za intaneti, za mfukoni mwangu, maana mchana mtandao unakokota na umeme unakatika. Tukaandika buleteni upya, yeye akisoma alama daftarini, mimi nikipiga, mpaka saa nane usiku. Sikumdai hata franga.

Mradi wa programu huria ninaoujitolea ulinikumbuka mara moja tu. Walinitumia kutoka ng'ambo kifurushi cha fulana mbili na vibandiko, na kwa kweli nilifurahi. Nilipokwenda kukichukua, ofisi ya mizigo ikanidai ushuru, halafu pesa ya karatasi, halafu pesa ya ghala kwa sababu kilikuwa kimekaa siku tisa, na mimi nimeitwa siku ya nane! Pesa yote ingeninunulia fulana kumi sokoni. Nililipa, kwa sababu kuitupa zawadi ya mtu ni aibu. Na hili la ushuru, Bwana Mhariri, mbona hamliandiki? Kila mwenye ndugu Ubelgiji analijua. Bei haibandikwi ukutani, risiti huoni, na ukiuliza unaambiwa rudi kesho. Mama yangu mdogo alitumiwa miwani, akaenda mara nne kwa taksibasi, na macho yale yale mabovu, kabla hawajampa.

Sisemi tulipwe mshahara. Nasema mtu asitoboke mfuko kwa kusaidia, na kazi yake ijulikane. Firefox, programu huria ya kufungulia kurasa za intaneti, ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wake walichanga pesa, na tarehe 16 Desemba gazeti la New York Times likatoa tangazo la kurasa mbili lenye majina ya maelfu yao. Mtu anaweza kumwonyesha mjukuu jina lile. Watu wa LibreOffice nao wana kampeni zao za mwezi wa Mei na wa Novemba, ambapo hata aliyejibu swali la mtumiaji mgeni anahesabiwa. Kumbe kuhesabu kunawezekana.

Basi wanaogawa zawadi hapa kwetu wafanye hivi. Kila miezi mitatu anayejitolea alete daftari lenye muhuri wa prefe, mkuu wa shule, au wa parokia: kompyuta ngapi, wapi, tarehe gani. Kwa kila kompyuta tano arudishiwe gigabaiti 6 za mega na nauli ya kwenda na kurudi. Picha za simu zisihesabiwe kabisa. Fulana, kama lazima ziwepo, zichapwe hapa hapa mjini, zisipite kwenye ghala la mtu. Na majina yatoke kwenye gazeti lenu, yote, hata ya wale wa Ruashi wasiojua kusimama mbele ya kamera.

Daftari langu limefika kompyuta 43. Mwandishi wenu akitaka kuliona, anikute Katuba Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, umeme ukiwa bado upo.

Msomaji wenu,
Komuni ya Katuba, Lubumbashi