Dada, ile mashine siyo ya milioni mbili

Dresden, Ujerumani
Februari, Jumapili usiku

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi wote hapo Chang'ombe, Dodoma. Mimi mzima, kazi ipo, baridi ipo, hayo yanatosha. Barua hii isome kwanza wewe peke yako, ndipo umsomee Mama, na kuna mahali nitakwambia uruke.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye kile kikundi cha familia mtu hamalizi sentensi. Niliweka picha moja tu ya asubuhi: kikombe, mashine ya kahawa, na theluji dirishani. Saa moja haijaisha, Yona ameshaitafuta mtandaoni, amepata bei, ameizidisha kwa shilingi na kuwatangazia: milioni mbili na laki moja. Baba Mdogo akajibu kwa sauti ya dakika nne. Shangazi wa Kongwa akaweka mikono ya kuomba. Halafu Yona, mdogo wetu niliyembeba mgongoni, akaandika kwamba kaka siku hizi Mzungu, anasagiwa kahawa na mashine wakati Mama anakinga matone kwa ndoo sebuleni. Hakuna aliyemkemea. Hata wewe, Dada, uliweka kidole gumba. Nilikiona.

Sasa nisikilize. Bei aliyoikuta Yona ni ya mpya, dukani. Yangu ni mtumba, siyo Mtumba ya wizara hapo Dodoma, mtumba huu wetu wa siku zote. Nimeinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, yuro 310, kifuniko kina ufa na kitufe kimoja hakiwaki. Ukizidisha ni kama laki tisa. (Hapa ndipo pa kuruka. Laki tisa kwa Mama ni magunia, na atataka kuyahesabu.)

Na Yona kama anapenda kuzidisha, azidishe na hii. Kazini kikombe kimoja ni yuro 2, maji ya kahawia tu, na nilikuwa nakunywa viwili kila zamu. Nyumbani kilo ya buni nanunua yuro 15. Humo serikali imeshakata yuro 2.19 kwa kilo, maana kahawa hapa ina kodi yake peke yake. Kikombe kinakula kama gramu 10, kwa hiyo kilo inatoa vikombe 100, senti 15 kila kimoja. Nikipika nyumbani na kubeba kwenye chupa ya chai, kila kikombe kinaniachia yuro 1.85. Vikombe kama 170 na mashine imejilipa. Niliinunua Oktoba. Mwisho wa mwezi huu itakuwa hainidai.

Tena sikukurupuka. Miezi miwili nilikuwa nauliza watu. Kuna zinazosaga na kuchuruza kwenye jagi, kuna zenye mkono ambapo unashindilia unga mwenyewe kama fundi, na kuna zinazofanya yote, unabonyeza tu. Nilichukua ya kubonyeza kwa sababu saa kumi na robo alfajiri mimi siyo fundi wa kitu chochote. Kwenye boksi wanaandika baa 15, yaani presha ya maji, kwa herufi kubwa. Usizihangaikie, baa 9 zinatosha kabisa, hizo nyingine ni za kuuzia.

Cha kuangalia ni kisagio. Unakumbuka jiwe la Bibi kule Mvumi? Alipiga magoti, uwele ukapita kati ya jiwe la chini na lile la mkononi. Akitaka unga laini alikandamiza, akitaka chenga alilegeza. Kisagio kizuri ni jiwe la Bibi lile lile, ila limetengenezwa kwa chuma au kauri na lina meno. Upenyo kati ya meno ndio unaoamua ukubwa wa chenga, na zote zinatoka sawasawa. Cha visu ni blenda tu. Kinakatakata, nusu vumbi, nusu kokoto. Vumbi linakupa uchungu, kokoto zinakatalia ladha yao ndani. Jambo la pili, kile kifaa cha katikati ambamo maji yanakutana na unga lazima kichomoke, ukioshe chini ya bomba. Kuna mashine ambazo hakichomoki. Ndani ni giza, unyevu na joto, kuvu wanataka nini zaidi? Mambo ya bomba la maziwa sikutaka hata kuyasikia.

Wiki ya kwanza kahawa ilikuwa chachu kama ukwaju. Nikadhani buni mbovu. Kumbe chenga zilikuwa kubwa mno, maji yanapita mbio bila kuchukua kitu. Nikakaza. Nikakaza tena. Ikaanza kudondoka tone tone, chungu hadi nyuma ya ulimi, nikalegeza kidogo. Kile kitufe cha kukaza unakizungusha mashine ikiwa inasaga, ikiwa imezimwa usikiguse, maana buni zilizokwama katikati zinayabana meno. Na ukishabadilisha, vikombe viwili vya mwanzo usivihukumu, ndani kuna unga wa zamani bado. Mimi nilivihukumu, ndiyo maana nilizunguka wiki nzima kwenye kitu kimoja. Lakini sasa, Dada, njoo uonje! Msimamizi wetu wa zamu, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akisifu kitu, alionja kwenye chupa yangu akaniuliza nimenunua wapi. Nikamwambia sijanunua, nimesaga. Kuna mzee mmoja ninayemhudumia, miaka 91, ananisimulia kwamba watu wa mkoa huu walikuwa wanataniwa kwa kahawa nyepesi, hadi ua lililochorwa ndani ya kikombe, chini kabisa, unaliona. Yangu haionyeshi ua.

Jirani wa chini hakufurahi. Huku kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kimya, na mashine inaposaga utadhani mashine ya kukoboa ya Majengo. Alibandika karatasi mlangoni, kwa adabu sana, na hiyo adabu ndiyo iliyonitisha. Nimekunja kanga mara nne nikaiweka chini ya mashine, sauti imepungua, hajaandika tena. Ni ile kanga aliyonifungia Mama mwaka ule naondoka. Hapo napo ni pa kuruka.

Sasa nikwambie la tangawizi, ambalo kwenye kikundi siwezi kuliandika.

Novemba, ile siku Baba alipotimiza miaka mitatu tangu atutoke, nyinyi mlikuwa kanisani na mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikataka kahawa yake. Unamkumbuka jinsi alivyokuwa akitoka reli anapitia pale kijiweni Majengo, buli la shaba juu ya mkaa, vikombe vidogo vinaelea kwenye ndoo, kashata kwenye gazeti, na bao haliishi mpaka giza? Na Jumapili alikuwa akikaanga buni mwenyewe nyuma ya nyumba hadi Mama anakohoa, kisha anatwanga kwenye kinu na tangawizi kavu na iliki, na sisi tunapokezana mchi. Basi mimi, mtu mzima mwenye cheti, nikachukua vipande vya tangawizi kavu na punje za iliki nikavimwaga pamoja na buni kule juu kwenye mashine. Nikabonyeza.

Iliguna mara moja, kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Taa nyekundu. Kimya.

Tangawizi ina nyuzi, Dada. Kwenye kinu haijalishi, mchi unapondaponda. Kwenye meno ya chuma nyuzi zinajizungusha kama uzi kwenye mguu wa kuku. Nilifyonza buni zote kwa ile mashine ya kufyonza vumbi, nikafungua pete ya juu, nikachokoa kwa brashi na kibano cha nyusi, saa tatu nzima, nimepiga magoti sakafuni, nalia na kucheka. Ilipowaka tena nilipiga kelele mpaka nikamkumbuka jirani. Wiki mbili kila kikombe kilitoka kinanukia tangawizi. Zilipoisha hizo wiki mbili nilisikitika. Siku hizi humo juu naweka buni tupu, tena siyo zile nyeusi zinazong'aa mafuta, maana nazo zinagandamana na kuziba. Tangawizi naiweka kikombeni.

Buni zenyewe mwezi uliopita nilizikuta dukani zimeandikwa Mbinga. Gramu 250 kwenye mfuko wa karatasi, bei ya kukufanya ukae chini. Nyingine zilikuwa za punje moja moja, zile za mviringo, ambapo tunda linatoa mbegu moja badala ya mbili. Wazungu wanazitafuta sana kutoka kwetu. Nikasimama pale nimezishika kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Na nyumbani kabatini tuna kopo la Africafe la wageni, tena mgeni asipokuwa mchungaji halifunguliwi.

Tuje kwa Yona. Baada ya kunichamba hadharani alinifuata pembeni usiku ule ule: Kaka, nitumie hiyo mashine, nifungue kibanda karibu na stesheni ya SGR, abiria wanashuka wana pesa, wa wizarani wanataka kahawa ya kweli. Asubuhi mimi Mzungu, usiku mimi mtaji! Na ya bodaboda bado hatujamaliza kuizungumza.

Wazo lake siyo baya, nikubali. Ila mashine hii ni ya mtu mmoja na mgeni wake. Juu inabeba robo kilo ya buni, tangi la maji halifiki lita mbili, na kila baada ya vikombe kumi hivi inadai umwage machicha. Treni moja ikishuka, itakuwa imezimia. Umeme hauna tatizo, volti ni 230 huku na huko, ni kubadilisha plagi tu, lakini inavuta wati 1,450 na LUKU anajaza nani? Kubwa zaidi ni maji. Desemba nilikuja na kile kikaratasi cha kupima chumvichumvi, nikakichovya kwenye maji ya kisima chetu mkiwa mmelala. Vimraba vyote vinne vikawa vyekundu. Huku kwangu ni viwili, na bado kila miezi miwili naiwekea dawa ya kuondoa ukoko. Umeuona ukoko mweupe wa kwenye birika la Mama. Fikiria huo ndani ya vimrija vyembamba kama vya kalamu.

Mwambie hivi. Aanze na kisagio cha mkono, cha meno ya chuma, na chungio la karatasi. Hapa hapa Dresden, mwaka 1908, mama mmoja aliyeitwa Melitta Bentz alichoshwa na machicha kwenye kahawa. Akatoboa kopo la shaba kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanawe, akachujia. Kampuni kubwa ilianzia hapo, kwa msumari na daftari. Yona ana msumari. Apime gramu 60 za kahawa kwa lita moja, kwa mizani, siyo kwa macho. Atumie maji ya dukani yale ya madumu makubwa. Na Dodoma imembeba kwa jambo moja: kahawa inataka maji ya nyuzi kati ya 90 na 96, na hapo kwetu, mita kama 1,120 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Yakichemka amimine. Mimi huku nikitumia birika inabidi ningoje yapoe. Kisagio nitampa mwenzetu mmoja wa Singida anayekuja Pasaka. Mwambie ni mkopo.

Dada, nilisema Desemba nilikichovya kikaratasi mkiwa mmelala. Sikuwa nimeamka kwa ajili ya kikaratasi. Niliamshwa na matone. Nilikuwa chumba cha nyuma, nikayasikia yanaangukia kwenye beseni, nikahesabu mpaka nikachoka. Asubuhi Mama alikuwa ameshalimwaga beseni na kulianika, hakusema, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua pesa iko wapi, iko Dresden mezani ina ufa kwenye kifuniko. Kwa hiyo Yona alichoandika kiliniuma mahali pake. Lakini kuiuza siiuzi. Nimejaribu kuandika tangazo mara mbili nikafuta.

Nimetuma laki sita leo kwenye namba yako, siyo ya Yona, siyo ya Baba Mdogo. Ukimaliza kutoa makato nijulishe kimebaki nini. Nyingine itakuja Machi mwishoni. Mabati yawe geji 28, hizo za 32 upepo wa Agosti utazipeperusha mpaka Bahi. Fundi mpe nusu, na misumari uinunue wewe. Baba Mdogo akisema ana fundi wake, mkumbushe kiwanja cha Ihumwa, atanyamaza. Na kinu cha Baba nilikiona kinazuia mlango wa stoo. Kiingizwe ndani kabla hawajaanza kudondosha mbao.

Nitumie picha ya paa fundi hajapanda, na nyingine akishashuka. Uziweke kwenye kikundi.

Ni mimi mdogo wako.