Friji inapiga shoti, na nyumba iko juu ya mawe

Simu zinazotufikia sisi mafundi umeme wa Mwanza kutoka Mabatini, Igogo na huko juu Isamilo hufanana: "Fundi, nikigusa friji napigwa shoti." Wengi wameshawaita mafundi wa dharura wa TANESCO, wakapima kwenye mita, wakakuta umeme uko sawa, wakaondoka. Wala hawajakosea. Kazi yao ni nguzo, transfoma na waya unaoingia mpaka kwenye mita. Kuanzia hapo kuja ndani, wairingi ni yako, na wa kuishika ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji.

Mara nyingi ubaya uko kwenye ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Ile rodi iliyochimbiwa nje ipo ili umeme ukivuja kwenye bati la friji upate njia ya kwenda ardhini bila kupitia mwilini mwako. Udongo wenye unyevu unaupokea. Mwamba mkavu unaukataa. Walio bondeni Kirumba, jirani na Mwaloni, hawasumbuki sana. Aliyejenga kilimani, rodi yake huenda iligota kwenye jiwe baada ya shubiri mbili, fundi akaikata kwa msumeno na kufukia kipande. Kwa nje huwezi kujua, kichwa cha rodi ni kilekile.

Sasa hesabu. Tuseme ethi yako ina ukinzani, yaani inavyouzuia umeme kupita, wa omu 200, jambo lisilo la ajabu kwenye mwamba. Gawanya volti 230 kwa 200: ampia moja na kidogo. Sakiti breka ya ampia 32 haishtuki kwa hicho, inaona kama umewasha televisheni tu. Friji inabaki na umeme kutwa nzima. Kwa mama anayeuza samaki, mikono imelowa toka asubuhi na yuko peku kwenye sakafu ya saruji, hilo linaua.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachofunga ni breka ya kuvuja, inayokata umeme miliampia 30 tu zikipotea njia. Hiyo inafanya kazi hata ethi ikiwa dhaifu. Kisha tunahangaika na ardhi: tunatafuta udongo kati ya majabali hata kama ni mbali na ukuta, tunaunganisha rodi mbili tatu, au tunachimba mtaro, tunalaza waya wa shaba usio na ganda na kuufunika kwa bentonaiti, udongo unaoshika unyevu. Chumvi na mkaa, vinavyopendwa na mafundi wengi hapa mjini, sisi hatuvitaki. Mvua inaisomba chumvi, na kabla haijasombwa inaila rodi.

Kazi moja tunaikataa hata ukituongezea hela: kuunganisha ethi na nyutro, waya unaorudisha umeme nguzoni, ndani ya soketi. Shoti inaisha palepale, mteja anashukuru. Siku nyutro ikikatika huko nguzoni, bati la kila chombo kilichochomekwa linashika umeme.

Kupima ethi tunapendelea Julai au Agosti, ardhi ikiwa imekauka. Kipimo cha Aprili kinadanganya. Bei hatuiweki hapa maana hatujui jiwe lako lilivyo mpaka tulione. Wakati unatusubiri, usiiguse friji. Zima meni swichi kwanza, ndipo uchomoe plagi, na watoto wakae mbali.