Shukrani kwa mama wa kikapu cha ndizi, kituo cha Mwenge

Mama yangu, sikukuuliza jina, na hilo linaniuma mpaka leo. Mimi ndiye niliyekuwa napiga mayowe pale Mwenge Jumanne mchana, mwanangu wa miaka 7 ameanguka tukisubiri daladala. Watu walitaka kumwinua wamsimamishe, mmoja akaja na chupa ya maji ammiminie mdomoni. Ukawazuia. Ulisema asipewe chochote mpaka azinduke, asije akapaliwa. Ukamlaza chali, ukaiweka miguu yake juu ya kikapu chako, ukamfungua vifungo vya shati la shule, ukawaomba watu wasogee apate hewa. Alifumbua macho mimi bado nalia.

Ukaniuliza kama amekula. Nikakwambia ukweli niliokuwa nauonea aibu: wiki ya tatu chakula kinamshinda, anatafuna tonge moja anasukuma sahani, nami namgombeza. Hukunilaumu. Ulitusindikiza hadi hospitali, ukasisitiza apimwe damu na sukari siku ile ile. Damu ilikutwa imepungua. Dawa anatumia, na kliniki tunarudi.

Nafuata ulivyonielekeza: uji, yai, parachichi, kidogo kidogo mara nyingi, bila kelele wala fimbo. Jana ameomba aongezewe maharage. Nilitoka nje nikalia.

Ndizi zako zilipondeka na hukudai hata shilingi. Ukisoma haya, mama, pita pale kituoni mchana. Tupo kila siku ya shule, na mwanangu anakutafuta kwa macho.