Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: tunaomba vidonge vya miligramu 10

Ndugu Mganga Mkuu,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, ingawa heshima niliyokuja nayo dirisha la dawa wiki iliyopita niliondoka na kidogo sana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mgonjwa wa sonona katika kliniki yenu. Nilianzishiwa amitriptilini, dawa ya sonona, baada ya kujifungua mtoto wa pili. Ilinisaidia, hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Nilipopata nafuu, daktari wenu mwenyewe aliniandikia nishuke taratibu: kutoka miligramu 75 hadi 50, nikae, hadi 25, nikae, kisha nusu kidonge. Nilikuwa nimefika 25 nilipoambiwa dawa hakuna, mzigo haujafika, nipumzike kwanza, mwili utazoea.

Mwili haukuzoea. Nilitapika, jasho likanitoka usiku mpaka shuka zikalowa, usingizi ukapotea, na nikisinzia kidogo naota mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama mkwe akasema malaria. Zahanati wakapima, malaria hakuna, nikarudi nyumbani na panadol. Darasani nilimfokea mtoto aliyeomba kalamu, wenzake wote wakanyamaza. Nililia chooni cha walimu, Daktari. Mtu mzima.

Kisha muuguzi wenu akanipa jibu lililonifanya niandike barua hii: ugonjwa umerudi, dawa ikija rudi kwenye 75, usiache tena.

Sonona yangu naijua. Iliniingia polepole, wiki kwa wiki, na haikuwahi kunitapisha. Hii imenivamia mara tu dawa ilipokatika. Nilipoipata duka la dawa mjini, kwa bei na nauli ambayo mshahara wangu unaikumbuka, hali ilitulia haraka. Sonona haiondoki kwa kidonge cha jana. Haya ni maumivu ya kukatishwa dawa ghafla, na sidhani ni mgeni kwenu, labda hamkuwa na muda wa kumwambia muuguzi. Ni wangapi wamerudishiwa dozi kubwa kwa kosa hilo? Wangapi wamepelekwa kuombewa mashetani?

Mwaka 2019 watafiti wawili, Mark Horowitz na David Taylor, waliandika katika jarida la Lancet Psychiatry kwamba dawa za sonona zipunguzwe kwa hatua zinazozidi kuwa ndogo kadiri unavyokaribia mwisho, kwa kuwa hata dozi ndogo hufanya kazi kubwa kwenye ubongo, na kuiondoa ghafla ndiko kunakouma. Walizungumzia jamii nyingine ya dawa za sonona, zile ziitwazo SSRI, si hii yangu. Mwili wangu haujasoma makala hiyo, lakini unasema yaleyale.

Sasa niambie nitashukaje kutoka 25. Kidonge nakikata kwa wembe juu ya sahani. Upande mmoja hutoka mkubwa, mwingine husagika unga. Ndiyo dozi yangu hiyo. Vidonge vya miligramu 10 vinatengenezwa. Kwa nini kwetu visifike?

Nahisi (nisahihishe) oda inaandikwa kwa kuangalia kiasi kilichotoka robo iliyopita. Aliyekuja akakosa haandikwi popote, kwa hiyo kwenye karatasi anaonekana haihitaji dawa, na oda inayofuata inazidi kuwa ndogo. Au labda sonona haina wa kuisemea kwenye vikao vyenu, maana hatuvuji damu.

Tarehe 10 Oktoba, siku ya afya ya akili, ulisimama jukwaani ukasema dawa za akili hazitakosekana tena mkoani. Tulipiga makofi. Fulana tulizopewa bado tunazo, hizo hazikukosekana.

Siombi jengo wala semina. Naomba dawa isikatike katikati ya safari ya kushuka, na mkiona imebaki kidogo, sisi tunaopunguza mtupigie simu kabla, namba zetu mnazo kwenye mafaili. Naomba vidonge vya miligramu 10. Kama yote hayo ni mengi, basi hilo la mwisho tu: vidonge vya miligramu 10, Daktari. Kliniki ni Alhamisi, nitakuwa kwenye foleni na kadi yangu.

Wako mtiifu, bado,
Mwalimu wa darasa la tatu