Raifo moja garini: .375 au .30-06?

Mhariri,

Anayewinda kihalali Tanzania na raifo moja tu garini achukue .375 H&H Magnum, risasi ya tangu 1912. Nyati hapigwi kwa risasi ya kipenyo chini ya inchi .375; .30-06, risasi nyembamba zaidi, ni nzuri kwa swala pala na ngiri, ila kwa nyati haikidhi. Risasi ngumu (isiyotanuka ikigonga) ya uzito wa greni 300, takriban gramu 19, huvunja bega la nyati. Kwa pofu, greni 270 yatosha. Bega lako litauma kwa teke la bunduki, mfuko pia.

Usiache risasi kwenye dashibodi: joto huongeza mgandamizo wa baruti, ganda likanasa ndani ya chemba, yaani sehemu ya bunduki inapokaa risasi. Barabara mbovu hulegeza skrubu za darubini, kwa hiyo pima shabaha mita 100 kabla ya kuwinda. Gari likitembea, chemba iwe tupu.

Mdau wa uwindaji,
Arusha