Usiisubiri hamu, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma na kuurudia. Unasema tangu upunguzwe kazini umetuma maombi kila mahali, majibu hayaji, na sasa hata kuamka huoni sababu. Sitakuandikia kwamba baada ya dhiki ni faraja. Hayo umeshaambiwa na wengi, na mtu aliyechoka methali haimsaidii kuinuka. Tuzungumze habari ya kesho asubuhi.

Kuna maneno yako yamenikaa moyoni: "Hamu ikirudi nitaanza tena." Hapo ndipo ulipokwama, mwanangu. Unaisubiri hamu ije ndipo uinuke, na yenyewe mara nyingi huja mtu akishainuka. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza jinsi mwenye huzuni anavyoacha shughuli zake moja baada ya nyingine, akakosa hata yale madogo yaliyokuwa yakimpa raha, na huzuni ikazidi kumkaba. Tiba iliyojengwa juu ya maelezo hayo huanzia kwenye vitendo: mtu hupangiwa shughuli na saa yake, aifanye hata kama moyo unagoma. Sikuiti mgonjwa, lakini njia hiyo itakufaa na wewe.

Anza na kitu kidogo mno. Barua ya maombi inakutisha kwa sababu unaitazama yote kwa mpigo. Basi usiiandike yote. Keti, fungua kompyuta, andika tarehe, nafasi unayoiomba na jina la unayemwandikia. Kisha andika sentensi moja: ni kazi gani uliyowahi kuifanya vizuri inayofanana na hii. Ukitaka kuishia hapo, ishia hapo bila kujilaumu. Kuna siku utaishia hapo kweli, na kuna siku utashtukia umeshafika aya ya tatu.

Halafu ipe kazi hiyo saa na mahali pake. "Kesho nitajitahidi" ni ahadi isiyo na pa kuishika. Sema hivi: "Nikimaliza kuoga, naketi mezani na kuifungua ile barua." Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2006 yeye na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, wakaona kwamba wanaopanga kwa namna hii, likitokea hili nitafanya lile, hutimiza malengo yao zaidi ya wanaobaki na nia tu. Mimi naona faida yake kubwa ni kukupunguzia mabishano na nafsi yako asubuhi, wakati ambapo huna nguvu za kubishana.

Nakuomba pia ubadilishe unachokihesabu. Kuitwa kwenye usaili hakumo mikononi mwako. Kutuma maombi yaliyoandikwa kwa uangalifu kumo. Kila jioni unajipima kwa simu ambazo hazikulia, na kwa kipimo hicho lazima ujione umeshindwa hata siku uliyofanya kazi vizuri. Chukua daftari, andika ulichokimaliza siku hiyo, hata kama ni kufua nguo au kumjibu rafiki. Ni lako, usimwonyeshe mtu.

Mwili nao usiuache nyuma. Amka saa ileile hata siku usiyo na pa kwenda, utoke kwenye mwanga wa asubuhi, na simu ilale mbali na kitanda. Tembea. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa, ni dakika 20 na ushei kwa siku, na kutembea kwa haraka kunatosha.

Sasa hili lisikilize vizuri. Kukata tamaa kwa siku kadhaa ni jambo moja. Huzuni ikikushika karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, usingizi ukapotea, chakula kikakushinda, hapo si suala la kujikaza tena. Nenda kwa daktari, kama ambavyo ungekwenda kwa homa isiyoshuka. Na ikikujia fikra kwamba ni afadhali usiwepo, nipigie saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usinionee huruma kwamba nimelala.

Nitakupigia Jumapili jioni. Habari za kazi sitakuuliza, ukizipata utaniambia mwenyewe. Nitakuuliza wiki hii umemaliza nini. Kama hujamaliza kitu, niambie hivyohivyo, tutafute pamoja pa kuanzia Jumatatu.

Nakupenda sana.

Mama yako